Uhura Mbele ya Kamusi: Mshikamano, Muwala na Makosa ya Mwendelezo katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa filamu za bunilizi ya kisayansi wana desturi moja inayowapa furaha ya pekee, nayo ni kuvizia makosa ya mwendelezo. Kosa la mwendelezo hutokea pale ambapo kitu, mahali au mtu aliyeoneshwa kwa namna fulani katika picha moja anaonekana kwa namna nyingine katika picha inayofuata, bila hadithi yenyewe kueleza mabadiliko hayo yametoka wapi. Chanzo cha makosa haya kinafahamika. Filamu haipigwi kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Picha ya mwanzo na picha ya mwisho huweza kupigwa siku moja kwa kuwa tu zinatokea katika chumba kimoja, na mazungumzo ya dakika mbili huweza kuchukua siku nzima. Ndiyo maana huajiriwa mtunza mwendelezo, yule ambaye katika sinema ya Kifaransa huitwa scripte. Kazi yake ni kuandika glasi ilibaki na maji kiasi gani, saa ilikuwa mkono upi, na kola ya shati ilikaaje. Akipitiwa, mtazamaji makini humkamata.

Bunilizi ya kisayansi huvutia uwindaji huu kuliko aina nyingine za filamu. Mtazamaji wa filamu inayohusu maisha ya kijiji anaweza kukilinganisha kijiji cha filamu na kijiji anachokijua. Mtazamaji wa safari za angani hana pa kwenda kulinganisha. Dhamana pekee aliyo nayo ni kwamba ulimwengu huo wa kubuni utaitimiza leo ahadi uliyoiweka jana. Ahadi ikivunjwa, hana shahidi mwingine.

Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba orodha za makosa, pamoja na manufaa yake, huchanganya mambo mawili ambayo taaluma ya isimu imezoea kuyatenganisha: mshikamano na muwala. Mfano utakaochunguzwa ni Luteni Uhura wa mfululizo wa Marekani uitwao Star Trek, mhusika ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili na ambaye hadithi yenyewe inamwonesha akisema Kiswahili. Mtazamaji anayezingatiwa ni mkaaji wa mtaa wa Lumumba mjini Bunia, Ituri, ambaye kwa siku moja huweza kutumia Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani, Lingala mbele ya askari, na lugha ya wazazi wake nyumbani. Mtazamaji kama huyo ana ushahidi ambao wahesabu glasi hawana.

2.0 Upatanisho wa Picha

Kwa msomaji wa isimu ya Kiswahili, njia fupi ya kulielewa suala la mwendelezo ni kulilinganisha na upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi "Kisu kikubwa kimepotea", kiambishi ki- kinarudiwa ili msikilizaji ajue kwamba ukubwa na upotevu ni wa kisu kilekile. Katika filamu, kovu la shavuni au kikombe cha mezani hurudiwa kwa sababu iyo hiyo: kumhakikishia mtazamaji kwamba picha mbili zilizopigwa siku mbalimbali zinamhusu mtu mmoja na zinatokea saa moja. Hiki ndicho M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan, katika kazi yao ya mwaka 1976 kuhusu Kiingereza, walikichambua kama mshikamano: vifungo vya wazi vinavyounganisha sehemu za matini.

Mfano maarufu wa kuvunjika kwa vifungo hivyo umo katika Jurassic Park (1993) ya Steven Spielberg. Dinosauri mkubwa anavunja ua na kutoka akikanyaga ardhi iliyo sawasawa na barabara. Muda mfupi baadaye gari linasukumwa juu ya ukingo mahali palepale, nalo linaanguka katika korongo refu. Mfano mwingine umo katika Star Trek II: The Wrath of Khan (1982). Khan anamtambua Chekov kwa sura, ilhali Khan alikutana na watu wa chombo hicho katika kipindi cha "Space Seed", kilichorushwa Februari 1967, miezi kadhaa kabla Chekov hajaonekana katika mfululizo. Watetezi wamejibu kwamba huenda Chekov alikuwamo chomboni tangu awali, katika idara nyingine. Jibu hilo linawezekana, na kuwezekana kwake ni fundisho: kosa la mwendelezo si jambo la macho tu, linategemea pia mtazamaji yuko tayari kujaza pengo kwa kiasi gani.

Mshikamano, hata hivyo, si muwala. Muwala ni ile hali ya maana kukaa pamoja akilini mwa msikilizaji. Kiswahili cha Bunia, kama lahaja nyingine za mashariki ya Kongo ambazo zimezoeleka kuitwa Kingwana, hulegeza upatanisho katika mazingira mengi. Mtu husema "kitabu yangu", wala hapatikani msikilizaji wa Lumumba atakayeshuku kwamba kitabu hicho ni cha mtu mwingine. Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataweka alama nyekundu, na darasani ana haki ya kufanya hivyo, lakini maana haikupotea. Kinyume chake, sentensi "Kisu kikubwa kimepotea, nacho kimo mkononi mwangu" ina upatanisho kamili, na bado haisimami. Orodha nyingi za makosa ya filamu hufanana na daftari la mwalimu anayetia alama nyekundu kwenye "kitabu yangu" na kuiacha ile sentensi ya kisu ipite.

3.0 Makosa Ambayo si ya Mwendelezo

Kabla ya kumfikia Uhura, yafaa kutenga aina mbili za malalamiko ambazo mtazamaji wa Afrika ya Mashariki na ya Kati huyaleta mbele ya filamu hizi, na ambazo mara nyingi huhesabiwa kimakosa kuwa ni makosa ya mwendelezo.

La kwanza ni kosa la ukweli. Filamu ya Congo (1995), iliyoongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, inatokea katika milima ya Virunga, kusini mwa Ituri, ambapo msafara wa Wamarekani unautafuta mji uliopotea wa Zinj na almasi zake. Jina hilo wanajiografia wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, yapata kilomita elfu moja na zaidi kutoka Virunga. Gorila Amy, aliyelelewa Marekani na kufundishwa lugha ya ishara, anarudishwa miongoni mwa gorila wa milimani, ilhali Koko, gorila halisi aliyefundishwa ishara na Francine Patterson kuanzia 1972, alikuwa wa jamii ya nyanda za chini za magharibi, na ndiyo jamii inayopatikana kwa kawaida katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Sehemu ya msitu unaooneshwa ilipigwa picha Kosta Rika. Mkongomani ana haki ya kukasirishwa na mambo haya. Lakini ndani ya filamu, Zinj ni Zinj tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu imeukosea ulimwengu, haikujipinga yenyewe.

La pili ni lugha iliyochukuliwa kwa ajili ya sauti yake tu. Katika Return of the Jedi (1983), rubani Nien Nunb, kiumbe wa sayari nyingine, anasema kwa sauti ya Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya aliyetumia lugha za kwao, Kikuyu ikiwa mojawapo. Kwa watazamaji wengi hiyo ni lugha ya ajabu ya angani; kwa msikilizaji wa Kenya ni maneno ya majirani zake. Hapa napo hakuna kosa la mwendelezo, kwa kuwa hadithi haikuahidi lolote kuhusu asili ya lugha hiyo. Swali la heshima kwa wenye lugha lipo, lakini ni swali jingine.

Kwa Uhura mambo ni tofauti. Hapa hadithi yenyewe ndiyo iliyoahidi.

4.0 Jina na Lugha ya Kwanza

Nichelle Nichols (1932-2022), mwigizaji wa kwanza wa nafasi hii, alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa akisoma riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuihusu Kenya, na kwamba jina la mhusika lilitokana na kitabu hicho. Irabu ya mwisho iligeuzwa kuwa a ili jina lilainike na kumfaa mwanamke.

Kimofolojia, mageuzi hayo hayana msingi katika Kiswahili. Neno limejengwa kwa kiambishi u- cha nomino dhahania na mzizi huru, wenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho ni sehemu ya mzizi. Haitaji jinsia, na Kiswahili hakibadili miishio ya nomino kwa mwanamume na mwanamke kama zifanyavyo lugha kadhaa za Ulaya. Mkaaji wa mtaa unaobeba jina la Patrice Lumumba, anayelifahamu neno uhuru pamoja na tarehe 30 Juni 1960, atalisikia jina "Uhura" kama neno lililokatwa mkia. Hata hivyo atamwelewa. Hili ni "kitabu yangu" la filamu: upatanisho umelegea, maana imebaki. Jina la kwanza, Nyota, ambalo lilikwisha kutumika katika vitabu, lilisikika katika filamu mwaka 2009, na lenyewe halina kasoro yoyote.

Ahadi kuhusu lugha iliwekwa mapema sana. Katika "The Man Trap", kipindi cha kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe chenye njaa ya chumvi kinachogeuza sura kulingana na mawazo ya anayekitazama. Mbele ya Uhura kinajitokeza kama kijana mweusi, nacho kinamsemesha kwa Kiswahili. Kiumbe hicho hakina lugha ya kwao katika mandhari hiyo; kinatumia kile kinachokikuta ndani ya mtu. Kwa hiyo, kwa mantiki ya hadithi yenyewe, kilicho karibu zaidi na moyo wa Uhura ni Kiswahili. Hili halikusemwa na msimulizi wala halikuandikwa katika wasifu wa mhusika. Lilioneshwa kwa tendo, na ndiyo maana lina nguvu ya kumfunga kila mwandishi aliyefuata.

5.0 Mashine Inayowinda Makosa

Tarehe 29 Septemba 1967 kilirushwa kipindi cha "The Changeling". Chombo kiitwacho Nomad, kilichotumwa kutoka duniani na kuharibika njiani, kimejipa kazi ya kutafuta kila kisicho kamili na kukiangamiza. Kinamsikia Uhura akiimba, hakielewi kuimba ni kitu gani, nacho kinafuta kumbukumbu yake yote. Baadaye Uhura anaonekana akifundishwa upya kusoma Kiingereza, akiunganisha sauti moja moja. Anapokwama, Kiswahili kinamtoka. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza.

Wakosoaji wameona hapa makosa mawili. Kwanza, iwapo kumbukumbu yote ilifutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Pili, kipindi kilichofuata, "Mirror, Mirror" cha tarehe 6 Oktoba 1967, kinamwonesha Uhura akifanya kazi ngumu na ya hatari kana kwamba hakuna lililompata.

Kosa la pili ni la kweli, na halina utetezi madhubuti. Daktari wa chombo anaahidi kwamba elimu yake itarudi haraka, lakini elimu si maisha. Mtu aliyepoteza ujuzi na kumbukumbu za utoto wake hawi yuleyule baada ya juma moja, na mfululizo haukurudi tena kuuliza alipoteza nini. Hapa vifungo vya nje vyote vipo: sare ileile, kiti kilekile, sauti ileile. Mshikamano ni kamili. Kilichokatika ni muwala wa mtu.

Kosa la kwanza si la kuhukumiwa haraka. Théodule Ribot, katika kitabu chake cha mwaka 1881 kuhusu magonjwa ya kumbukumbu, alishikilia kwamba kinachopatikana karibuni hupotea kwanza na kilicho cha zamani hudumu zaidi. Albert Pitres, mwaka 1895, alichunguza wagonjwa wenye lugha nyingi akaeleza kwamba lugha inayotangulia kurudi ni ile iliyozoeleka zaidi kwa mgonjwa, hata kama si ya kwanza kujifunza. Baadaye Michel Paradis alionesha njia nyingi za kurudi kwa lugha, ambapo mara nyingi lugha zote hurejea pamoja. Sayansi, basi, hailazimishi Kiswahili kibaki, wala haikizuii kubaki. Lakini muwala wa hadithi unakidai. Lugha ambayo kiumbe wa mwaka 1966 aliikuta chini kabisa ya mawazo ya Uhura ndiyo iliyobaki baada ya mashine ya mwaka 1967 kufagia yaliyo juu. Kinachoandikwa katika orodha kama kosa ni mojawapo ya nyakati chache ambazo mhusika huyu ametendewa kwa uaminifu.

Agizo la muuguzi nalo linastahili kusikilizwa. Mtazamaji aliyepitia shule ambamo lugha ya nyumbani ilipaswa kuachwa mlangoni hataiona mandhari hiyo kuwa ya tiba tu. Mtu amepoteza kila kitu isipokuwa lugha moja, na somo la kwanza analopewa ni kuiweka lugha hiyo kando.

Nomad anaangamia kwa njia inayowahusu wahakiki. Nahodha Kirk anamthibitishia kwamba yeye mwenyewe amekosea: alimdhania Kirk kuwa Jackson Roykirk aliyemuunda, wala hakuligundua kosa lake. Mwindaji wa makosa alikuwa sahihi katika kila hesabu, akashindwa kumtambua mtu aliyesimama mbele yake.

6.0 Vitabu Mezani

Mfano wa mwisho umo katika Star Trek VI: The Undiscovered Country (1991), iliyoongozwa na Nicholas Meyer. Chombo cha Enterprise kinaingia kwa siri katika anga la Waklingoni ili kuwaokoa Kirk na daktari wake. Kituo cha ulinzi kinauliza ni nani wanaopita. Mashine ya kutafsiri haiwezi kutumika, kwa kuwa ingetambuliwa. Uhura, ofisa wa mawasiliano tangu 1966, anaonekana na wenzake wakipekua vitabu vikubwa vya karatasi na kujibu kwa Kiklingoni kibovu. Mandhari hiyo ilikusudiwa kuchekesha.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiklingoni chenyewe kilikuwa kimetunzwa vizuri. Mwanaisimu Marc Okrand alikiundia sarufi kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984, na kamusi yake ilitoka mwaka 1985. Watengenezaji walikubali kwamba lugha ya kubuni inahitaji mwendelezo: kitenzi cha leo kisipingane na kitenzi cha jana. Mwendelezo huo hawakumpa mtu aliyepaswa kuisema.

Utetezi upo, na ni wa haki kuutaja. Ofisa wa mawasiliano si mkalimani. Katika vipindi vya miaka ya 1966 hadi 1969 kazi yake ilikuwa kuendesha mitambo, wala haikuoneshwa kwamba anajua Kiklingoni. Kwa kipimo kikali cha mwendelezo, filamu ya mwaka 1991 haikupingana na chochote kilichotangulia. Filamu ya mwaka 2009 ilimfanya Uhura kuwa mjuzi wa lahaja zote tatu za Kiromula, lakini hiyo inajieleza kuwa inatokea katika mkondo mwingine wa wakati. Ni mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022 na unaohusu ujana wa Uhura, uliomfanya Mkenya kijana mwenye lugha 37. Tangu hapo mzee wa 1991 hawezi kupatana na kijana wa 2022. Kosa lilizaliwa miaka 31 baada ya picha kupigwa. Hivyo kosa la mwendelezo haliko daima mahali linapoonekana. Huweza kuletwa na kiarifu kilichokuja baadaye, kama sentensi ambayo kiima chake kilikuwa salama hadi ilipomaliziwa vibaya.

Hata hivyo, mtazamaji wa Bunia hakuhitaji kungoja 2022. Mandhari ya kituo cha ulinzi anaijua: ni kizuizi cha barabarani, bariyeri kwa usemi wa huko. Watu wa Ituri, hasa tangu vita vilivyoanza mwaka 1999, wamejifunza kwamba namna ya kumjibu mwenye silaha kizuizini, kwa lugha ipi na kwa sauti ipi, huweza kuamua safari itaendelea au itakwisha. Anayeishi kwa kupita vizuizi hujifunza maneno yanayohitajika, hata kama hakuwahi kuingia darasa la lugha hiyo. Mtu aliyesikiliza mawimbi ya Waklingoni kwa miaka mingi na asiokote hata salamu yao hasadikiki, wala haihitajiki orodha ya vipindi kulithibitisha hilo. Huu ndio ushahidi wa muwala, na unatoka katika maisha ya mtazamaji kabla ya kutoka katika kumbukumbu yake ya filamu.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba makosa yaliyo rahisi kuhesabiwa si lazima yawe ndiyo makubwa. Irabu iliyogeuzwa katika jina la Uhura ni kasoro ya umbo ambayo maana imeistahimili. Kiswahili kilichobaki baada ya kumbukumbu kufutwa kinaonekana kuwa kosa, kumbe kinalinda ahadi ya kipindi cha kwanza. Kurejea kazini baada ya juma moja, na vitabu vya mwaka 1991, ni mikatiko halisi, kwa sababu vinamfanya mhusika kuwa sare bila historia.

Mambo mawili yanapendekezwa kwa vitengo vya Kiswahili vya vyuo. Kwanza, sehemu za filamu hizi zinazotumia Kiswahili zinukuliwe kwa maandishi ya kifonetiki na kuchambuliwa na wanafunzi, kama zinavyochambuliwa matini nyingine za lugha hii, ili ijulikane ni kipi kilichosemwa kweli na kwa lahaja ipi. Pili, katika mazoezi ya uhakiki, mwanafunzi anayeleta kosa la mwendelezo aulizwe ni mwendelezo wa nini uliokatika: wa kitu, wa mahali, au wa mtu. Akijibu kwamba ni wa mtu, aoneshe mtu huyo aliahidiwa kujua nini, na ni nani aliyeisahau ahadi hiyo.